Nani Alimlipa El Cid?

Filamu ya El Cid ilipotoka mwishoni mwa mwaka 1961, watazamaji walipewa kila kitu ambacho filamu ya mashujaa wa farasi huahidi: deraya zinazong'aa, mikuki mirefu inayovunjikia kwenye ngao, wana wa mfalme wanaogombea taji, mwanamke anayempenda mtu aliyemuua baba yake, na jeshi linalofunika ufuko mzima wa bahari. Mwongozaji alikuwa Anthony Mann, Charlton Heston ndiye stelingi, Sophia Loren akawa mkewe Jimena, na muziki wa Miklós Rózsa ukaibeba hadithi kwa saa tatu. Shujaa mwenyewe hakubuniwa. Rodrigo Díaz wa Vivar, kijiji kilicho karibu na Burgos kaskazini mwa Hispania, aliishi katika karne ya 11, akaiteka Valencia mwaka 1094 na kufia humo Julai 1099. Jina lake la heshima, El Cid, latokana na sayyid ya Kiarabu, cheo kile kile ambacho Zanzibar ilikijua kwa masultani wake.

Wanahistoria wameichambua filamu hii mara nyingi, na orodha ya makosa yake ni ndefu. Rodrigo hakumuua baba wa Jimena. Kisa hicho kilizuka karne kadhaa baadaye, na mtunzi wa Kifaransa Corneille akakipa umaarufu katika tamthilia yake ya mwaka 1637. Hakupigwa mshale kifuani. Yusuf bin Tashfin, kiongozi wa Al-Murabitun kutoka Afrika, ambaye katika filamu anakanyagwa na farasi aliyebeba maiti ya Rodrigo, hakuwahi kufika Valencia kupigana naye. Alifia Marrakesh mwaka 1106, mzee sana, miaka 7 baada ya adui yake kufa. Yote haya ni kweli, lakini hayatufikishi mbali. Kila filamu ya kihistoria ina makosa ya namna hii, na mtu anaweza kuyasahihisha yote bila kugundua jambo kubwa zaidi ambalo halimo. Katika saa zile tatu, shujaa haombi malipo, hapokei malipo, wala hagawi ngawira. Rodrigo wa kweli alifanya mambo hayo matatu maisha yake yote, na bila hayo tusingelijua jina lake. Ninachodai ni kwamba pengo hilo halikutokana na uzembe wa Hollywood. Fedha iliondolewa katika hadithi ya El Cid hatua kwa hatua, kwa karne nyingi, na watu waliokuwa na sababu nzuri ya kuiondoa. Filamu ilikamilisha tu kazi iliyokwisha kuanzwa.

Ushahidi wa kwanza ni tukio la mikate. Katika filamu Valencia imezingirwa, watu wake wana njaa, na Rodrigo anaamuru mitambo ya kurushia mawe ipakiwe mikate. Mikate inaruka juu ya kuta, wenye njaa wanaidaka, wanaasi dhidi ya mtawala wao mwovu al-Qadir, naye anatupwa chini kutoka ukutani. Ni tukio zuri la sinema, na karibu kila sehemu yake imegeuzwa juu chini. Al-Qadir wa kweli hakuwa adui wa Rodrigo. Alikuwa mteja wake: alimlipa fedha kwa ahadi ya ulinzi, naye Rodrigo aliishi kwa malipo hayo pamoja na yale ya watawala wengine wadogo wa pwani ile ya mashariki. Mwaka 1092, Rodrigo akiwa mbali, watu wa Valencia wakiongozwa na kadhi wao Ibn Jahhaf waliasi, wakamuua al-Qadir. Rodrigo alirudi kudai kilichokuwa chake, akauzingira mji kuanzia mwaka 1093 hadi Juni 1094. Hakurusha mkate hata mmoja. Ibn Alqama, mwenyeji wa Valencia aliyeyaona hayo, aliandika jinsi bei ya ngano na shayiri ilivyopanda mpaka nafaka ikatoweka sokoni, watu wakala panya, paka na ngozi. Waliojaribu kutoroka Rodrigo aliwarudisha, na wengine aliwachoma moto mahali ambapo waliobaki ukutani wangewaona, kwa sababu kila mdomo uliobaki ndani uliharakisha siku ya mji kusalimu amri.

Kilichofuata pia kinahusu mali. Baada ya kuingia mjini, Rodrigo alitaka hazina ya marehemu al-Qadir, akamtuhumu kadhi kwamba ameificha. Ibn Jahhaf aliteswa, na mwaka 1095 akachimbiwa shimo, akafukiwa nusu mwili, na moto ukawashwa kumzunguka. Waandishi wa Kiarabu wanasema alinyoosha mkono akavuta vijinga karibu na mwili wake ili mauti yaje upesi. Rodrigo alikusudia kuwachoma pia mke na mabinti zake, ila watu wake mwenyewe walimwombea rehema. Kadhi huyu hayumo katika filamu, na naona ni kwa sababu hana nafasi humo: ukimweka, itakubidi ueleze ni nini kilichokuwa kikitafutwa.

Mtu anaweza kusema kwamba huo ulikuwa ukatili wa vita tu, na kwamba zama zile kila mji ulitekwa hivyo. Nakubali. Hoja yangu haihusu ukatili, inahusu kazi ya mtu huyu. Mwaka 1079 mfalme wake, Alfonso VI, alimtuma Sevilla kukusanya parias, yaani dhahabu ambayo falme ndogo za Kiislamu zilitoa kila mwaka kwa wafalme wa Kikristo ili zisivamiwe. Safari hiyo ya kukusanya fedha ndiyo iliyomletea maadui katika baraza la mfalme, na mwaka 1081 akafukuzwa nchini. Alifanya nini? Alikwenda kutafuta kazi. Baada ya kukataliwa Barcelona, aliajiriwa na ukoo wa Banu Hud, watawala Waislamu wa Zaragoza, akawatumikia kwa takriban miaka 5. Mwaka 1082, huko Almenar, alimshinda na kumkamata Berenguer Ramón, mtawala Mkristo wa Barcelona, kwa niaba ya tajiri yake Mwislamu. Mwaka 1084 alimshinda mfalme wa Aragón, Mkristo mwingine. Mwaka 1090, sasa akijifanyia kazi mwenyewe, alimkamata Berenguer mara ya pili na kumwachia kwa fidia kubwa. Haya yanatosha kumfanya mtu awe mamluki hodari kuliko wote wa zama zake.

Tajiri wake wa Zaragoza anastahili kutajwa kidogo, kwa kuwa filamu imempa nafasi na kumnyima sifa yake. Moutamin wa filamu ni amiri mpole anayemwita Rodrigo El Cid na kuapa kuwa rafiki yake. Al-Mu'tamin wa kweli alikuwa mwanahisabati, tena wa daraja la juu. Katika kitabu chake kikubwa cha hisabati alithibitisha kanuni ya pembetatu ambayo Ulaya iliijua karne 6 baadaye kwa jina la Giovanni Ceva. Huyo ndiye aliyesaini mishahara ya shujaa wa Castilla. Sijui mtunzi wa filamu gani angeacha kisa kama hicho kwa hiari, isipokuwa yule ambaye kisa hicho kingemlazimisha aonyeshe mfuko ukifunguliwa.

Dhahabu yenyewe ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilivuka Sahara kutoka machimbo ya Afrika Magharibi, ikapitia Sijilmasa kusini mwa Morocco, ikafika Sevilla, Granada na Zaragoza kwa biashara, kisha ikachukuliwa kaskazini kama parias. Alfonso VI alikuwa nayo ya kutosha kuahidi monasteri ya Cluny huko Ufaransa mithkali 2,000 kila mwaka, mara mbili ya alivyotoa baba yake, na kanisa kubwa la Cluny lililoanzwa mwaka 1088 lilitegemea ahadi hiyo kwa kiasi kikubwa. Sasa Al-Murabitun, wale mashujaa wenye nikabu ambao filamu inawaonyesha wakitoka Afrika na ngoma nyeusi kuiangamiza dunia, walianzia jangwani huko Mauritania na waliishika Sijilmasa kabla hawajaijenga Marrakesh. Waliikamata njia ya dhahabu upande mmoja, halafu wakavuka bahari hadi upande wa pili. Nao hawakuvuka kwa kukurupuka: watawala wa Andalusia wenyewe waliwaita, Alfonso alipoiteka Toledo mwaka 1085 na kuzidisha madai yake, na mwaka 1086 wakamshinda huko Zallaqa. Raia wengi wa kawaida wa Andalusia waliwapokea vizuri kwa sababu inayoeleweka na kila mlipa kodi: waliahidi kufuta kodi zote zisizokuwa za kisheria, zile ambazo watawala waliwatoza ili wawalipe Wakristo. Vita ambayo filamu inaifanya mapambano ya nuru na giza ilikuwa pia ugomvi juu ya nani ataendelea kulipa na nani ataendelea kupokea.

Hapa ndipo ninapojitenga na wanaosema kwamba ushairi ndio ulioharibu historia. Utenzi wa zamani kabisa tulio nao juu ya Rodrigo kwa Kihispania, wenye karibu mistari 3,700 na uliotungwa karibu miaka 100 baada ya kifo chake, hauoni haya hata kidogo kuzungumzia fedha. Karibu na mwanzo, shujaa amefukuzwa na hana kitu. Anajaza mchanga katika masanduku mawili, anayafunika kwa ngozi nyekundu iliyopigiliwa misumari iliyopakwa dhahabu, anayapeleka kwa wakopeshaji wawili wa Burgos kama rehani ya hazina isiyofunguliwa, anapewa mkopo wa mark 600. Kuanzia hapo kila ushindi unafuatwa na hesabu: farasi wangapi, ngao ngapi, askari wa farasi kapata kiasi gani na wa miguu kiasi gani, fungu la tano la kiongozi ni lipi. Msikilizaji wa mwaka 1200 alijua kwamba bwana asiyegawa hafuatwi na mtu, na kwa hiyo mgao ulikuwa sehemu ya ushujaa. Masanduku ya mchanga yangefaa sana sinema. Hayamo katika filamu.

Basi nani aliyeondoa ujira? Wa kwanza kati ya ninaowashuku ni watawa wa San Pedro de Cardeña. Jimena aliishikilia Valencia hadi mwaka 1102, kisha Alfonso akaona haiwezi kulindwa, akaamuru ihamwe na kuchomwa moto, na mwili wa Rodrigo ukaletwa Cardeña, karibu na Burgos. Monasteri yenye kaburi la shujaa ina mtaji, ikiwa shujaa ana sura ya mtakatifu. Karne ya 13 watawa walikuwa na hadithi kamili: kwamba Rodrigo siku zake za mwisho alikunywa manemane na zeri ili mwili usioze, kwamba maiti ilifungwa juu ya farasi wake Babieca ikatolewa Valencia, kwamba ilikaa kitini kando ya madhabahu kwa miaka 10, na kwamba Myahudi mmoja alipotaka kuishika ndevu, mkono wa maiti ukauchomoa upanga kidogo, yule mtu akabatizwa. Mwisho wa filamu, ule unaowatoa watu machozi, umetoka huko. Mtu wa namna hiyo hawezi kuulizwa alilipwa kiasi gani na amiri wa Zaragoza.

Wengine walifuata. Tamthilia za karne ya 17 zilimhitaji mpenzi na heshima, zikampa. Katikati ya karne ya 19 Reinhart Dozy, msomi wa Kiholanzi, alisoma waandishi wa Kiarabu akamrudisha Rodrigo alipokuwa: askari wa kukodiwa, jasiri na katili. Ramón Menéndez Pidal akamjibu mwaka 1929 kwa kitabu kikubwa kilichomfanya Rodrigo mwana mwaminifu wa Castilla na mfano wa umoja wa Hispania. Menéndez Pidal hakuwa mpambe wa dikteta Franco. Alikaa nje ya nchi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala mpya ulimtilia shaka. Lakini El Cid wake aliufaa utawala huo kuliko mwandishi alivyoweza kuuzuia. Mwaka 1955 Franco alizindua Burgos sanamu kubwa ya Rodrigo juu ya farasi, akijifananisha naye waziwazi, na hakuna aliyemkumbusha hadharani kwamba yeye mwenyewe aliingia madarakani akiwa na makumi ya maelfu ya askari Wamorocco waliokodiwa kutoka ng'ambo ya bahari. Katika jambo hilo, pengine alifanana na El Cid wa kweli kuliko alivyopenda.

Filamu yenyewe ilikuja hapo, na kwa fedha. Mtayarishaji wake Samuel Bronston alikuwa amegundua kwamba Hispania ya Franco ilikuwa na vibarua wa bei nafuu, majumba ya kale, serikali yenye kiu ya kutambuliwa, na faida za kampuni za kigeni zilizokwama humo kwa peseta zisizoruhusiwa kutoka nje. Pierre du Pont, wa ukoo tajiri wa viwanda vya kemikali Marekani, alimdhamini. Serikali ilimpa askari wa kweli na polisi wapanda farasi wavae deraya, na mji wa Peñíscola ukavishwa kuta za bandia uwe Valencia. Menéndez Pidal, akiwa na miaka 92, ndiye aliyekuwa mshauri wa historia. Sehemu kubwa ya maneno yaliandikwa na Ben Barzman, aliyekuwa kwenye orodha nyeusi ya Hollywood, bila jina lake kuonyeshwa. Kwa hiyo hata mtunzi wa hotuba za heshima na ukweli alikuwa kibarua aliyefichwa. Miaka mitatu baadaye Bronston alifilisika, na katika kesi ya ufilisi akaulizwa kama amewahi kuwa na akaunti ya benki Uswisi. Akajibu kwamba kampuni iliwahi kuwa nayo. Yeye binafsi pia alikuwa nayo, ila hakusema. Alihukumiwa kwa kiapo cha uongo, na mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani ikamwachia kwa kauli moja, ikisema kwamba jibu lililo kweli kwa maneno yake, hata likipotosha, si kiapo cha uongo. Wanafunzi wa sheria husoma kesi hiyo hadi leo. Nadhani wanafunzi wa filamu za kihistoria nao wangefaidika nayo.

Pingamizi lenye uzito ni hili: kwa filamu ya mwaka 1961, El Cid iliwatendea Waislamu vizuri kuliko nyingine nyingi. Rodrigo anawaachia huru maamiri waliotekwa badala ya kuwanyonga, anasimama nao, na jeshi lake la mwisho ni la dini mbili. Ni kweli, na nadhani ndiyo sababu inayoifanya itazamike bado. Lakini angalia wema huo umenunuliwa kwa gharama ya nani. Ukiondoa mshahara, lazima utafute sababu nyingine ya Mkristo kuwatumikia Waislamu, na filamu inaipata kwa kuwagawa: Waislamu wazuri ni wale wenyeji wa Hispania wanaompenda Rodrigo, wabaya ni Waafrika wanaotoka ng'ambo wakiwa wamefunika nyuso. Mgawanyo huo haukuwapo. Waliowaita Waafrika walikuwa wale wale wenyeji, na waliozingirwa Valencia walikuwa wakisubiri jeshi la Al-Murabitun liwaokoe. Mkataba wa mshahara ungemweka al-Mu'tamin na Rodrigo mezani kama watu wawili wenye masilahi, na ungewapa Waislamu heshima zaidi kuliko urafiki wa ghafla.

Wengine watasema kwamba watengenezaji wa filamu hawakuwa na njia ya kuyajua haya, kwa kuwa kitabu cha Ibn Alqama kimepotea. Kimepotea kama kitabu, lakini hakikupotea kama ushahidi. Waandishi wa mfalme Alfonso X, walipotunga historia ya Hispania katika karne ya 13, walitafsiri maelezo yake na kuyaingiza humo: bei za nafaka, njaa, wakimbizi waliochomwa, kifo cha kadhi. Kurasa kadhaa mbele, katika historia hiyo hiyo, wameingiza hadithi ya watawa wa Cardeña na maiti iliyofungwa juu ya farasi. Mikate haimo katika simulizi hizo mbili. Aliyeihariri historia hiyo na kuichapisha mwaka 1906 ni Ramón Menéndez Pidal.